Shajara ya mradi: kuchagua umeme wa nje na chaja za betri kwa ndege nne ndogo

Wiki ya 1, Jumatatu

Nimefungua daftari hili leo, ingawa mradi ulianza siku skrini zote mbili za ndege ya mafunzo zilipozimika katikati ya somo. Mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa wameketi ndani, injini imezimwa, swichi kuu imewashwa, wakipitia kurasa za vifaa. Walipanda na betri imejaa. Dakika ya 31, giza. Wakaja kuniomba niibusti ndege ili safari yao ya alasiri isipotee.

Nilikataa. Mwalimu alikasirika na ninamwelewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye amweleze. Ukiwasha injini kwa umeme wa nje (unaochomekwa kutoka kwenye kifaa kilicho chini) huku betri imekufa, altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, itaimwagia betri mkondo mkubwa kadiri inavyoweza, betri ipate joto, na muda wote huo haina akiba ya maana. Altaneta ikigoma dakika ya 15 angani, rubani anabaki na uzito tu ndani ya ndege. Kanuni za Marekani za uthibitisho wa ndege ndogo ziliweka dakika 30: altaneta ikifa, betri iweze kubeba mizigo ya lazima kwa muda huo angalau. Betri iliyoondoka chini ikiwa tupu haina dakika hizo za kumpa rubani.

Basi nimepewa kazi ya kuchagua vifaa. Agizo nililopokea ni fupi: "Fundi, tutafutie kigari kimoja kifanye yote, kiwashe injini, kilishe skrini, kichaji betri." Nimesema nitapima kwanza.

Ndege tunazo nne. Mbili ni Cessna 172 za volti 24 zenye skrini za kidijitali za G1000, betri zake za risasi zilizofungwa, aina ya AGM (asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), uwezo wa ampea-saa (Ah) 13.6. Ya tatu ni Piper PA-28 ya zamani ya volti 12. Ya nne imejengwa na mwenyewe kutoka kwenye vifurushi vya vipande, volti 12, betri ya lithiamu chuma fosfati. Volti za aina mbili na kemia za aina mbili chini ya paa moja. Hilo peke yake linanitia wasiwasi kuliko suala la ampea.

Wiki ya 1, Jumatano

Nimeshinda na klampu mita, inayopima mkondo bila kukata waya, kwenye waya wa betri.

Swichi kuu na skrini zote zikiwashwa, pamoja na feni za kupoza vifaa: ampea 18. Nikiongeza taa ya kutua, kipashajoto cha pitoti (bomba la kupimia kasi) na flapu za mabawa zikiwa zinashuka, inafika 38 kwa sekunde chache. Huo ndio mzigo mkubwa kabisa tutakaouhitaji chini wakati wa matengenezo.

Uwezo wa Ah 13.6 wa betri hizi umepimwa kwa kiwango cha saa moja, yaani ampea 13.6 kwa dakika 60. Kwa ampea 18, betri mpya ingepaswa kudumu karibu dakika 45. Yetu ilizima dakika ya 31. Nimeizungushia duara namba hiyo. Somo la ardhini liliiua betri, lakini nahisi betri ilikuwa imeanza kufa kabla ya somo.

Kitu kingine, kidogo kwa macho. Ndege ya pili ikiwa imezimwa kila kitu, mita ndogo inaonyesha mA 9. Saa na kumbukumbu za vifaa hazilali. Milliampea 9 zinaonekana si kitu, lakini kwa siku 30 ni zaidi ya Ah 6, karibu nusu ya betri nzima, na hapo sijahesabu betri inavyojimaliza yenyewe. Ndege ikikaa mwezi bila kuruka inamfikia rubani ikiwa imeshuka nusu. Naye ataiwasha, itashika, ataruka dakika 40, atarudi, na betri haitajaa. Betri ya risasi ikikaa hivyo bila kujaa, fuwele za salfeti zinagandamana kwenye sahani, na uwezo uliokwenda nazo haurudi kirahisi.

Wiki ya 1, Ijumaa

Stata, mota ya kuwashia injini. Magneto (zinazotoa cheche za injini) zimezimwa, mchanganyiko wa mafuta umekatwa, watu mbali na propela. Cessna: mruko wa kwanza ampea 280, kisha inazunguka kwa 120 hivi. Piper ya volti 12: mruko wa 430, kisha 190. Volti zikipungua nusu, ampea zinapanda kwa kazi ileile. Ndiyo maana waya na miunganisho ya Piper inateseka zaidi.

Nimeuliza pia ni mara ngapi mwaka huu tumewasha injini kwa umeme wa nje. Nimepitia daftari la hanga. Kila mara iliyoandikwa, sababu ilikuwa betri iliyoisha. Hakuna hata mara moja iliyokuwa betri nzima inayosaidiwa asubuhi ya baridi, jambo ambalo lingekuwa matumizi halali kabisa. Yaani kigari chetu kimekuwa kikifanya hasa kazi ambayo hakikupaswa kufanya.

Wiki ya 2, Jumanne

Siku ya chaja kuukuu. Tunalo sanduku zito la transfoma, limeandikwa 24 V, limetumika miaka mingi. Watu wanalipenda kwa sababu "halifi". Wengine hulichomeka kwenye ndege na kuwasha redio moja kwa moja.

Nimeliunganisha kwenye rezista ya mzigo bila betri. Multimita: volti 22.9. Mtu angeondoka ameridhika, kwa sababu kiwango cha kijeshi cha Marekani, MIL-STD-704, kinaruhusu volti 22 hadi 29 kwenye mfumo wa volti 28 (ndege ya betri ya volti 24 hulishwa volti 28, na ya 12 hulishwa 14), na 22.9 imo ndani.

Kisha nikaweka osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika. Mstari haukuwa mstari. Yalikuwa matuta, 100 kwa kila sekunde, yanaanzia sifuri na kupanda hadi volti 36, kisha yanaanguka tena hadi sifuri. Multimita inasoma wastani tu, na wastani wa kitu kinachoruka kati ya 0 na 36 kwa umbo hilo ni 22.9 kabisa. Kijana anayejifunza ufundi kwetu alisimama pembeni, akatazama skrini muda mrefu, akaniuliza, "Fundi, hiki ndicho tulikuwa tunakilisha redio?" Ndiyo, hiki.

Hakuna kilichoungua kwa sababu betri ilikuwa imeunganishwa sambamba. Betri inayameza matuta yale kama kapasita kubwa. Lakini rilei ya betri (swichi ya umeme inayoiunganisha na ndege) ikiachia, au betri ikiwa imechoka, vifaa vinabaki uso kwa uso na volti 36. Na kinga ya volti iliyomo ndani ya Cessna, ile inayofanya kazi karibu na volti 32, inazima altaneta. Umeme unaotoka nje haiugusi. Umeme wa nje lazima uje na kinga yake.

Sanduku limeondolewa. Nimelikata waya wa umeme ili lisirudishwe kazini na mtu mwenye haraka.

Wiki ya 2, Alhamisi

Kebo ya kigari. Mita 8, waya wa milimita za mraba 16. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba. Kwenda na kurudi ni mita 16, gawanya kwa 16: omu 0.0172. Stata ikivuta ampea 120, volti 2 zinapotea njiani kabla hazijafika kwenye ndege.

Nilipopima kwa kweli zilipotea volti 2.9. Hiyo 0.9 ya ziada nimeifuata kwa ncha za mita hatua kwa hatua hadi kwenye pini ya plagi. Pini moja kubwa imebadilika rangi, ina kivuli cha buluu, na kingo yake ina vishimo vidogo vya cheche. Volti 0.9 mara ampea 120 ni wati 108 zikichemka kwenye kitu kisichozidi kidole. Joto hilo halikai kwenye plagi yetu peke yake. Linaingia kwenye soketi ya ndege. Nimefungua soketi za Cessna zote mbili. Moja ni safi. Nyingine imeanza kubadilika rangi, imeandikwa kwenye orodha ya kubadilishwa.

Tangu leo, kupima upotevu wa volti kwenye kila muunganisho chini ya mzigo ni sehemu ya ukaguzi. Jicho linachelewa kuona.

Wiki ya 3, Jumatatu na Jumanne

Kipimo cha uwezo wa betri iliyozima kwenye somo. Kwanza niliitoa kwenye ndege na kuichaji mezani kwa utaratibu wa kufufua ulio kwenye mwongozo wa mtengenezaji: mkondo usiobadilika, takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo, kwa saa nyingi, huku nikipima halijoto ya ganda. Volti mwishoni zilipita 31. Hii ndiyo sababu kazi hii haifanywi betri ikiwa ndani ya ndege.

Leo asubuhi baada ya kupumzika ilikuwa na volti 25.8. Ukitazama namba hiyo tu utasema betri ni nzima. Nikaiweka kwenye mzigo wa ampea 13.6, saa mkononi. Kijana aliandika volti kila dakika tano. Dakika ya 20, 24.3. Dakika ya 35, 23.4. Kuanzia ya 40 ikawa kama mtu aliyechoka akishuka ngazi. Ilifika volti 20 dakika ya 43.

Arobaini na tatu kwa 60 ni asilimia 72. Watengenezaji wa betri hizi huweka kiwango cha chini cha asilimia 80 au 85. Betri hii haifai kuruka. Na duara langu la wiki ya kwanza limepata jibu: asilimia 72 ya dakika 45 ni 32, toa kidogo kwa sababu mkondo ulikuwa mkubwa kuliko wa kipimo, unapata zile 31.

Nimemwita mwalimu nikamwonyesha karatasi. Aliisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Mwezi uliopita niliruka nayo ndani ya mawingu." Hatukuongeza neno. Kwangu, kama ingebidi tununue kifaa kimoja tu katika mradi huu wote, ningenunua mzigo wa kupimia uwezo wa betri na kuacha vingine. Volti za betri iliyopumzika zinakuambia imejaa kiasi gani, lakini hazikuambii tangi lenyewe limebaki na ukubwa gani.

Wiki ya 3, Ijumaa

Hatari inayoninyima usingizi: kulisha ndege ya volti 12 kwa volti 28.

Soketi ya Cessna ni ile ya pini tatu. Kijana aliuliza kwa nini pini moja ni ndogo na fupi. Nilimwambia, "Ichomeke polepole uone, mwanangu." Zile mbili kubwa hugusa kwanza, chanya na hasi. Fupi hugusa mwisho, nayo ndiyo inayopeleka umeme kwenye koili ya kontakta ya ndege, swichi kubwa inayofungwa kwa sumaku ya umeme. Ukichomoa, fupi huachia kwanza, kontakta inafunguka, na pini kubwa zinatoka zikiwa hazina mkondo. Kwa hiyo cheche inatokea ndani ya kontakta iliyotengenezwa kwa ajili yake. Dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye njia ya pini ndogo inazuia kontakta isifunge kama chanya na hasi vimegeuzwa. Ni kazi nzuri ya wahandisi, na inamlinda mtu dhidi ya kosa la kugeuza nyaya. Dhidi ya volti zisizofaa haimlindi hata kidogo. Plagi ni ileile kwa ndege za volti 12 na za volti 24.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kisanduku cha kuhisi: kisome volti za betri ya ndege kupitia plagi, kikiona 12 kikatae kutoa 28. Nilichora mchoro, nikanunua vipande, nikajaribu. Hakikusoma kitu. Baadaye nikajiona: kontakta ya ndege iko wazi mpaka pini ndogo ipate umeme, kwa hiyo kabla ya hapo pini kubwa hazijaunganishwa na betri. Kisanduku kingelazimika kutoa umeme kwanza ili kijue kama kinaruhusiwa kutoa umeme. Wazo limekufa hapo.

Tumeamua kutenganisha kwa mikono. Piper yetu ina soketi ya pini moja ya mviringo, tofauti kabisa. Kwa hiyo kifaa cha volti 28 kitakuwa na kebo moja isiyobanduka yenye plagi ya pini tatu, na cha volti 14 kitakuwa na kebo yake isiyobanduka yenye plagi ya Piper. Ile adapta iliyokuwa ikigeuza plagi moja kuwa nyingine nimeikata vipande vitatu. Ilikuwa rahisi kutumia, ndiyo, na ndiyo ingekuja kutuunguzia ndege. Kila soketi imepakwa rangi na kuandikwa volti zake upande wa nje, herufi kubwa za kusomeka ukiwa umesimama.

Wiki ya 4

Wiki nzima ya chaja. Nimeazima chaja tano kwa watu mbalimbali na kuziweka mezani moja baada ya nyingine na osiloskopu na betri ya mazoezi. Sitaandika majina. Nitaandika nilichokitafuta na kilichonifanya nikatae.

Ya kwanza ni ya malori, volti 24, ina nguvu, bei yake ni nyepesi. Katikati ya usiku ilijipandishia volti hadi 31.6 kwa "matengenezo" na hakuna kitufe cha kuizuia. Kwa betri iliyoko mezani ingejadilika. Kwa betri iliyoko ndani ya ndege, ambayo mtu anaweza kuwasha swichi kuu wakati wowote, hapana.

Ya pili inajitambulia yenyewe kama betri ni ya 12 au 24. Nikaipa betri ya 24 iliyoshuka hadi volti 13. Ikaitambua kuwa ni ya 12, ikasema imejaa, taa ya kijani. Betri ingekaa hapo ikioza chini ya taa ya kijani. Tangu hapo, chochote kinachochagua volti chenyewe kimeondoka kwenye orodha.

Ya tatu nilikaribia kuipenda. Volti nzuri, mstari umenyooka. Nikakata umeme wa ukutani kisha nikaurudisha, kwa sababu umeme hukatika. Ilirudi ikiwa imezimwa, inasubiri mtu abonyeze. Chaja inayopaswa kukaa mwezi mzima bila mtu haiwezi kuwa hivyo.

Ya nne na ya tano zilifanana, zote zimetengenezwa kwa ajili ya betri za ndege za aina yetu. Zinachaji hadi karibu volti 28.3, kisha zinashuka na kushikilia kati ya 26.5 na 27. Zina sensa ya halijoto inayobandikwa kwenye betri. Hili la halijoto watu hulipuuza na mimi nalishikilia sana. Kila seli ya risasi inataka volti zipungue kwa mV 3 au 4 kwa kila nyuzi inayopanda. Seli ni 12. Hanga likitoka nyuzi 25 likafika 40, chaja inapaswa kushuka kwa zaidi ya nusu volti. Isiposhuka, betri iliyofungwa inapoteza maji yake kidogo kidogo kupitia vali, na maji hayo hayana pa kuongezewa. Chaja ya bei nafuu isiyohisi joto inaweza kuichemsha betri hadi ikauke huku kila mtu akiamini inatunzwa.

Nimechagua ya tano, kwa sababu moja tu: sensa yake ikichomolewa, inarudi kwenye volti za chini na kuwasha taa ya onyo. Ile ya nne iliendelea kana kwamba kuna nyuzi 25.

Kuhusu namna ya kuunganisha: wengi huchaji kupitia soketi ya umeme wa nje. Kwa njia hiyo lazima kontakta ifunge na swichi kuu iwashwe, yaani unalisha ndege nzima ili kuifikia betri. Tumeweka waya mdogo wa kudumu kutoka kwenye terminali za betri hadi kwenye kichomeko kidogo, fyuzi ikiwa karibu kabisa na terminali ya chanya ili waya wote ulindwe. Ni badiliko kwenye ndege, kwa hiyo limefanywa kwa michoro iliyoidhinishwa, likasainiwa na mkaguzi na kuingizwa kwenye daftari la matengenezo.

Wiki ya 5, Jumatano

Ndege ya lithiamu. Mwenyewe alikuja ana wasiwasi: betri yake inasoma sifuri, chaja inakataa. "Kaka, imekufa kweli?" Haikuwa imekufa. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayojikata seli zikishuka sana, na ikishajikata, nje husomi volti zozote. Chaja ya kisasa haioni betri, haianzi. Iliamshwa kwa chaja ya aina yake, mkondo mdogo, nikaisimamia dakika zote. Nikamwambia pia asiihesabu kuwa nzima mpaka nayo ipite kwenye kipimo cha uwezo.

Nimeandika kanuni tatu tu ukutani kwa ajili yake. Chaja yenye mapigo ya kuondoa salfeti isiiguse. Betri hii haina salfeti, na mapigo yale yanaisumbua saketi ya ulinzi. Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Na volti zisitumike kukisia kiasi kilichobaki, kwa sababu mstari wake ni tambarare, 13.2 na kidogo, karibu njia yote, kisha unaporomoka.

Betri za nikeli-kadmiamu hatuna, na nashukuru. Zingetaka chumba na vifaa vyake mbali na asidi.

Wiki ya 6

Kifaa cha umeme wa nje kimefika. Volti 28, ampea 50. Nilitetea ampea 50 kwenye kikao dhidi ya wale waliotaka 400 za kuwasha injini. Hoja yangu ilikuwa vipimo vya wiki ya kwanza: mzigo wetu mkubwa chini ni 38, na injini hatujawahi kuiwasha kwa umeme wa nje kwa sababu halali. Kigari cha zamani chenye betri zake mbili kimebaki kwa ajili ya asubuhi za baridi, kikiwa na kebo mpya ya milimita za mraba 50, fupi, na plagi mpya.

Majaribio. Bila betri, mzigo wa ampea 40: volti 28.0, mawimbi chini ya mV 100. Baada ya matuta ya wiki ya pili, ule mstari ulionyooka ulinipa furaha ambayo siwezi kuificha. Nimeweka kinga ya volti ikate kwenye 30, chini ya ile 32 ya ndege.

Kisha jaribio nililolihofia: mwanafunzi akisahau na kuzungusha stata huku kifaa kimechomekwa. Magneto zimezimwa, mafuta yamekatwa, betri mpya. Kifaa kilifika ampea 50 kikasimama hapo, betri ikabeba zilizobaki, volti zikashuka hadi 22.4. Nilichokuwa nakitazama ni wakati stata inapoachiwa, maana vifaa vingine hupiga mruko wa volti hapo. Kilifika 28.5 kwa sehemu ya sekunde na kutulia.

Mpangilio wa kuchomeka umebandikwa kwenye kifaa chenyewe: soma volti kwenye soketi, swichi zote za ndege zimezimwa, kifaa kimezimwa, sukuma plagi hadi mwisho, washa kifaa, soma volti, ndipo swichi kuu. Kitabu cha ndege kikisema tofauti, kitabu ndicho kinachofuatwa. Na soketi ya Cessna iko karibu na pua ya ndege: hakuna anayechomoa plagi injini ikizunguka bila mtu wa pili anayemtazama yeye na propela.

Wiki ya 8, Jumatatu

Masomo ya ardhini sasa yanafanyika kwa umeme wa nje, saa mbili mfululizo, betri ikibaki imejaa. Wiki iliyopita fundi wa vifaa aliweka programu mpya kwenye skrini, kazi ambayo umeme ukikatika katikati inaweza kuua kifaa. Volti hazikutikisika.

Betri ya Cessna ya pili imepimwa: dakika 56, asilimia 93. Ile mpya dakika 61. Ya Piper imetoka asilimia 81, iko ukingoni, na mwongozo wa mtengenezaji wake unataka 80. Nimeomba ibadilishwe sasa badala ya kuisubiri. Jibu bado. Nimeandika tarehe ya kuipima tena, siku 90, na nimemwambia kila rubani wa Piper hiyo namba, mmoja mmoja.

Kilichobaki ni soketi ile iliyobadilika rangi. Imeagizwa.